Kilomita 100 za baiskeli Tabora: maandalizi ya mwanamke anayeingia mbio ndefu

Tabora haina milima ya kutisha. Mji uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na sehemu kubwa ni tambarare, hivyo mwenye baiskeli ya gia hudhani kilomita 100 ni suala la pumzi tu. Wanaoishia njiani huku huangushwa na mchanga, mbigili, jua na siti. Kwa mwanamke, anza na siti.

Baiskeli nyingi za mtumba zina siti nyembamba nyuma, wakati mifupa ya makalio ya mwanamke kwa kawaida imeachana zaidi. Pima yako: weka kipande cha katoni juu ya kigoda kigumu, kikalie dakika moja ukiwa umeinama mbele, kisha pima kutoka katikati ya bonyeo moja hadi katikati ya la pili. Ongeza sentimita 2. Huo ndio upana unaoutafuta. Usidanganywe na siti laini ya jeli. Mifupa huzama ndani yake na uzito wote unahamia kwenye nyama laini, ambako ganzi huanzia.

Kwa urefu, egemea ukuta na uweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ncha ya siti iwe sawa na ardhi au ishuke kidogo sana. Ikikuchoma mbele, mara nyingi siti iko juu mno au ncha imeinuka.

Bukta yenye pedi huvaliwa bila chupi, kwa sababu mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Paka mafuta ya mgando kwenye mikunjo kabla ya kutoka. Anayetaka stara avae bukta pana juu yake. Khanga ikae kwenye begi hadi ushuke, maana ikiingia kwenye spoku utaanguka kabla hujajua kilichotokea. Ukifika, vua bukta hiyo mara moja. Majipu hupatikana kwa kukaa nayo mbichi ukipiga soga.

Siku za hedhi hazikuzuii kuendesha. Taulo ya kike ndani ya bukta ya pedi hujikunja na kuchubua. Kikombe cha hedhi kinafaa zaidi, ila kizoee wiki kadhaa kabla, si asubuhi ya mbio. La kutiliwa maanani ni hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo na huna mimba. Mara nyingi maana yake unakula kidogo kuliko unavyotumia, na mifupa hudhoofika bila kukupa taarifa. Nenda hospitali. Ukichoka isivyo kawaida, pima damu na malaria kabla ya kununua vidonge vya madini ya chuma. Kula dagaa, maharage na matembele ukikamulia ndimu, na chai isubiri saa moja baada ya mlo, kwani hupunguza chuma kinachoingia mwilini.

Mazoezi yachukue wiki 12, siku nne kwa wiki. Safari ndefu ya wiki ianze kilomita 30, ongeza 8 kila wiki, na kila wiki ya nne punguza theluthi. Ukifika 80 inatosha. Zilizobaki utazimaliza siku yenyewe.

Sasa mchanga. Kwa mwendeshaji wa kilo 60 na tairi la inchi 2.2, jaza psi (kipimo cha upepo wa tairi) 26 hadi 28 kama una tyubu, au 20 hadi 23 kama ni tyublesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani. Mafundi wengi hupima kwa kidole gumba na kujaza hadi tairi liwe jiwe. Kwenye mchanga tairi hilo huzama. Nunua pampu yenye mita. Shusha gia kabla hujaingia mchangani, sogea nyuma kidogo, legeza mikono, tazama mbali, na kanyaga bila kukatiza. Breki ya mbele usiiguse. Ukihisi mwendo unakufa, shuka mapema ukimbie nayo. Kusukuma mita 20 kunakula nguvu kidogo kuliko kupigana na usukani.

Mbigili ikikaa kwenye tairi la tyublesi, iache, gundi ya ndani inaiziba. Gundi hiyo hukauka kwa joto, hivyo ikague kila baada ya wiki sita. Tyubu ikitoboka, kabla ya kurudisha nyingine pitisha kitambaa ndani ya tairi zima. Kikinasa, kuna mwiba mwingine. Kiraka kina siri moja: piga msasa, paka solusheni nyembamba, halafu subiri dakika 3 hadi 5 mpaka isinate kidoleni. Anayebandika ikiwa mbichi atasimama tena baada ya kilomita chache.

Vumbi la kiangazi linakula cheni iliyopakwa oili ya gari. Isafishe kwa mafuta ya taa, ikaushe kabisa, kisha itumbukize kwenye mishumaa iliyoyeyushwa ndani ya sufuria iliyowekwa kwenye maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Nta ya nyuki, pamoja na wingi wake Tabora, haifai. Inanata na kukusanya mchanga.

Kinywaji: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chakula 3 vya asali, robo kijiko cha chai cha chumvi. Kunywa mililita 500 hadi 750 kwa saa, zaidi kidogo Septemba na Oktoba. Usijilazimishe maji matupu. Chumvi ya damu ikishuka, kichwa huuma, vidole huvimba na kichefuchefu huja, na wengi hudhani ni kiu wakaongeza maji. Chakula cha mfukoni kipo sokoni: matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga. Kula kidogo kila nusu saa kuanzia saa ya kwanza, hata kama hujasikia njaa.

Jua la Tabora huchelewa karibu nusu saa kuliko la Dar es Salaam, kwa hiyo ukitoka saa kumi na mbili kasoro bado ni giza. Beba taa, au ondoka kwenye saa kumi na mbili na nusu.

Kwenye misitu ya miombo upande wa Sikonge kuna mbung'o, nao hufuata kitu kinachotembea, hasa chenye rangi ya bluu au nyeusi. Vaa kaki au kijani kilichofifia, yenye kitambaa kizito mabegani, kwani wanauma kupitia nguo nyepesi. Usipumzike chini ya mti wenye mizinga. Nyuki wakikuvaa, funika uso na uendelee kwenda, usipunge mikono.

Usiende peke yako. Mtandao hupotea msituni, kwa hiyo acha nyumbani jina la njia na saa ya kurudi. Mwenzako awe wa kasi yako: kwenye mbio za Cape Epic za Afrika Kusini, zilizoanza 2004, waendeshaji hushindana wawiliwawili kwa siku nane na hawaruhusiwi kuachana zaidi ya dakika mbili. Jizoezeni hivyohivyo, mwenye nguvu akae mbele kwenye upepo, na aliyechoka ndiye aamue mwendo.