Kumtii Mungu Jumatatu mpaka Jumamosi, unaanzia wapi?

Wapendwa, wengi wetu tukisikia neno utii akili inakimbilia mambo makubwa, kufunga siku 40, kuacha kazi ukahubiri mbali, kutoa kiwanja kanisani. Kumbe pa kuanzia ni hapo hapo ulipo na mara nyingi ni kwenye hela.

Kwanza acha kusubiri sauti, yaliyoandikwa tayari yanakutosha. Asubuhi soma kifungu kifupi, hata mistari 5 tu, ila usifunge Biblia kabla hujajibu swali moja, leo naambiwa nifanye nini na kwa nani? Jibu liwe na jina la mtu na saa. Ukisema nitaongeza upendo hujasema kitu bado, ukisema saa 4 nampigia shemeji tuliyenuniana tangu msiba hapo sawa, halafu mpigie kweli.

Nenda sokoni sasa maana huko ndo utii unaonekana. Walawi 19:35-36 Mungu anataja mizani, mawe ya kupimia, mpaka vipimo vya nafaka. Wewe unauza maharage, kopo lako limegongwa kitako likabonyea kwa ndani, kwa macho limejaa mpaka na kilima juu lakini mama wa watu akifika nyumbani anashangaa mboga haitoshi. Unajua, jirani wa meza anajua, na Jumapili unaongoza sifa. Kutubu huku kopo limebaki mezani sio kutubu jamani. Nunua jingine leo, lile liponde kabisa kabla ya kulitupa asije kijana wako akaliokota akaendelea nalo. Kama bei haikulipi pandisha bei, mwambie mteja wazi, hiyo sio dhambi. Wapo watakaohamia meza ya pili na hapo ndo penye uchungu, wanaohubiri kwamba ukitii tu wateja watafurika mimi sikubaliani nao. Petro kwenye Luka 5:5 alikuwa amekesha bila samaki hata mmoja, akashusha nyavu kwa sababu Yesu kasema, basi.

Mwenye dada wa kazi au kibarua asome Kumbukumbu la Torati 24:15, ujira wake apewe siku ile ile, jua lisitue, kwa kuwa ni maskini na moyo wake uko kwenye hiyo hela. Mmepatana tarehe 30 basi 30 aione kwenye simu, kabla ya mchango wa kamati ya harusi na kabla ya sadaka ya kuonekana.

Hela ikiingia kwenye simu yako kimakosa usiitumie, na usiseme ni mlango umefunguka. Pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako wairudishe wao, usimtumie tu yeyote anayepiga akilia maana matapeli nao wapo.

Kazini bosi akitaka risiti iandikwe zaidi ya mlicholipa, usimjibu mbele za watu wala usianze kumhubiria, mfuate pembeni umwambie kwa heshima, bosi naomba niandike hii hii tuliyolipa. Matendo 5:29 inasema tumtii Mungu kuliko wanadamu, na waliosema hivyo walichapwa viboko siku ile ile, kwa hiyo ongea na mwenzi wako nyumbani mapema mjue mtaishije kibarua kikiota nyasi.

Mwisho tafuta mtu mmoja, sio kikundi kizima cha WhatsApp, umpe ruhusa akuulize kila wiki kuhusu lile jambo lenyewe kwa jina lake, mizani, deni, shemeji. Asiwe mtu wa kukuonea huruma kila saa na asiwe mpeleka maneno. Kama hayupo kwenye jumuiya yenu muombe mchungaji akutafutie.