Mafuta ya nazi yapakwe kabla ya kuosha nywele
Kwa nywele zilizotiwa rangi au dawa, ambazo hukatika kila zinapooshwa, mafuta ya nazi hufanya kazi kubwa zaidi yakitangulia maji. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, zigawe nywele kavu mafungu manne, chukua mafuta yasiyozidi kijiko kimoja cha chai kwa kila fungu, uyapake kuanzia katikati hadi nchani bila kugusa ngozi ya kichwa, kisha ujifunge kitambaa ulale. Unywele ulioharibika hunywa maji upesi ukavimba, halafu husinyaa unapokauka, na kuvimba na kusinyaa huko kunakorudiwa ndiko kunakoulegeza na kuupotezea protini. Asidi ya lauriki, iliyo nyingi katika mafuta ya nazi, hupenya ndani ya unywele na kupunguza maji yanayoingia, jambo ambalo mafuta ya mgando yatokanayo na petroli hayaliwezi, kwa kuwa hubaki juu tu. Joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi mafuta huganda, basi chovya chupa katika maji ya vuguvugu. Njia hii haifai kitu ukipaka kwa wingi, kwani utalazimika kusugua kwa shampuu mara mbili na kuipoteza faida yote (rangi nayo itachuja), wala haiungi ncha zilizokwisha kupasuka, ambazo dawa yake ni mkasi. Wapo pia ambao nywele zao hukakamaa kwa mafuta haya, hao wayaache.