Jinsi ya Kuiandaa Timu kwa Mashambulizi ya Kushtukiza

Mwongozo huu unawalenga makocha wa timu za mitaani hapa Nairobi, hasa wale ambao kila wikendi hukutana na wapinzani wanaomiliki mpira kuwashinda. Wengi wetu hudhani kwamba mchezo wa kushtukiza, yaani kunasa mpira na kushambulia haraka kabla mpinzani hajajipanga, unahitaji mabeki wagumu na winga mwenye mbio, basi. Mimi naona kwamba lenye uzito zaidi ni mahali wanaposimama washambuliaji wakati timu yao haina mpira, kwa kuwa shambulizi la aina hii huandaliwa kabla mpira haujanaswa.

Hatua ya kwanza: chagua mfumo kulingana na wachezaji ulio nao. Mfumo wa 4-4-2 (mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili) unafaa ikiwa una viungo wawili wa kati wasiochoka. Leicester City ya Claudio Ranieri ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2015/16 kwa mfumo huo, N'Golo Kanté na Danny Drinkwater wakiziba katikati huku Jamie Vardy akivizia nafasi iliyo nyuma ya mabeki. Mfumo wa 5-3-2 huwafaa mabeki wa kati walio wazito, ila mabeki wa pembeni watalazimika kupanda na kushuka uwanja mzima. Usipokuwa na vijana wenye pumzi hiyo, uache.

Hatua ya pili: punguza umbali baina ya mistari. Kati ya mabeki na viungo pasizidi mita 10 hadi 12, na mazoezini uweke koni ili wachezaji waione nafasi hiyo kwa macho. Mpira ukiwa upande wa kulia, timu nzima ihamie kulia, na winga wa kushoto aingie ndani hadi karibu na katikati ya uwanja. Beki wa mpinzani atakayebaki peke yake upande wa pili asikutie hofu, kwa sababu pasi ndefu ya kumfikia hukaa hewani muda wa kutosha timu yako kuhama.

Hatua ya tatu: tega mtego. Zibeni katikati ili mpinzani asukumwe pembeni, ambako mstari wa uwanja humnyima nusu ya njia zake za pasi. Wachezaji wakubaliane ishara za kumvamia mwenye mpira: pasi ya nyuma, mpokeaji aliyelipa mgongo lango mnalolilinda, au mguso wa kwanza uliomponyoka. Katika viwanja vya murram vya Eastlands, ishara hii ya mwisho hutokea mara nyingi kuliko zote.

Hatua ya nne: fundisha pasi ya kwanza. Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Aliyenasa mpira huwa amezungukwa, na akiubutua tu, utarudi baada ya sekunde chache na mabeki wataanza upya wakiwa wamechoka zaidi. Kwa hiyo mshambuliaji mmoja asimame daima kwenye pengo lililo kati ya viungo na mabeki wa mpinzani, mwili wake ukiwa nusu umegeuka, ili pasi ya kwanza imkute yeye na ya pili iende kwa mkimbiaji. Kwenye uwanja wenye mashimo, pasi hiyo ipigwe kifuani, kwani mpira wa chini wa mita 20 hauaminiki.

Zoezi lake ni rahisi: wachezaji 8 wajilinde dhidi ya 8 katika nusu ya uwanja, na wakinasa mpira wawe na sekunde 10 za kuvuka mstari wa kati kwa pasi au kwa kukokota. Wakichelewa, mpira urudishwe kwa wapinzani. Wasipoona njia ya mbele, watulie na kuuweka mpira. Si kila mpira ulionaswa ni wa kushambulia.

Hatua ya tano: gawa njia za mbio. Wakimbiaji watatu wanatosha, kila mmoja kwenye njia yake. Katika Kombe la Dunia la 2018, Ubelgiji iliifunga Japani 3-2 dakika za nyongeza baada ya Thibaut Courtois kudaka kona na kumpa Kevin De Bruyne, aliyekokota mpira katikati kisha akamwachia Thomas Meunier kulia. Romelu Lukaku aliiacha krosi impite, naye Nacer Chadli akafunga. Waonyeshe vijana wako video hiyo, na uwaambie wamtazame Lukaku tangu mwanzo, jinsi mbio zake zilivyowavuta mabeki ndani na kumfungulia Meunier njia.

Mkibaki 10. Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, waliilaza Morocco 1-0 Kasarani mnamo Agosti 2025, katika michuano ya CHAN (ubingwa wa Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani), wakicheza kipindi chote cha pili wakiwa pungufu kwa mtu mmoja. Hali hiyo ikikukuta, nenda 4-4-1, umtoe mshambuliaji mzito na kumbakiza mwepesi. Huyo asirudi kukaba hata wakati wa kona, maana akisimama kwenye mstari wa kati, mpinzani atalazimika kuwaacha mabeki wawili nyuma wamchunge.