Kupanga mambo yako huku ukimwachia Mungu aongoze

Kuna waumini wanaokamilisha mpango mpaka senti ya mwisho, ndipo wanapiga magoti kumwomba Mungu aubariki. Wengine hawaandiki chochote, kwa madai kwamba Mungu atafanya njia. Wa kwanza wamechelewa kuomba. Wa pili, mara nyingi, wanaahirisha tu.

Mtazame Nehemia, Myahudi aliyekuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Habari za ukuta wa Yerusalemu uliobomoka zilimfikia mwezi wa Kisleu, akafunga na kuomba. Mfalme alimuuliza haja yake mwezi wa Nisani, miezi minne hivi baadaye. Hapo Nehemia aliomba kimoyomoyo, kisha akajibu kwa mambo kamili: muda atakaokuwa safarini, barua za kumpitisha kwa maliwali, na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti. Mtu hajibu hivyo kama hajapiga hesabu mapema. Alipofika alikaa siku tatu, akaukagua ukuta usiku kabla ya kumwambia mtu yeyote nia yake. Kazi ikaisha kwa siku 52.

Anza na karatasi moja. Juu yake andika jambo lako kama swali: "Je, niache kazi hii nikasome?" Ukiandika "Mungu, nisaidie kuacha kazi", umeshaamua, unatafuta muhuri tu. Chini gawa sehemu tatu: yale ambayo Maandiko yameshayasema, yale yaliyoachiwa busara yako, na yale yasiyo mikononi mwako. Kulipa deni au kutunza familia hakuhitaji ishara. Hata Gideoni, ambaye hutajwa sana kwa kumwomba Mungu ishara ya umande kwenye ngozi ya kondoo, alikuwa ameshaambiwa la kufanya, alitaka kuhakikishiwa. Utaona maswali mengi yanaangukia sehemu ya pili, na ya tatu ndiyo ya kuombea zaidi.

Kisha piga gharama, kama Yesu alivyosema juu ya mjenzi wa mnara. Andika fedha, muda na watu watakaoguswa na uamuzi wako. Ukidhani kazi itachukua wiki nne, panga sita. Mpango uliojazwa pomoni huvunjika kwa homa ya siku tatu tu, na mwenyewe akadhani Mungu amekataa.

Tafuta washauri wawili au watatu. Mmoja awe amewahi kulifanya jambo hilo, mwingine asiwe na faida yoyote katika uamuzi wako. Waonyeshe hesabu zenyewe, na uwaulize, "Unaona kasoro gani?" Ukiuliza "Unaonaje?", wengi watakusifu.

Weka tarehe ya kuamua na tarehe za kukagua. Andika mapema kitakachokufanya usimame, kwa mfano akiba ikishuka chini ya matumizi ya miezi miwili. Ukishabanwa, kila ishara utaisoma kwa namna unavyotaka wewe.

Sehemu ngumu ni kuelewa vizuizi. Katika Matendo 16 Paulo alizuiwa kuhubiri katika jimbo la Kirumi lililoitwa Asia, akajaribu kwenda Bithinia, akazuiwa tena. Hakurudi nyumbani, aliendelea hadi Troa, na huko ndiko alikoona maono ya mtu wa Makedonia. Lakini Efeso, penye wapinzani wengi, alibaki, maana aliona mlango mkubwa umefunguliwa (1 Wakorintho 16). Kwa hiyo upinzani peke yake hauthibitishi kwamba umekosea njia. Wala mlango wazi hauthibitishi kwamba umepatia: Yona alimkimbia Mungu, na katika bandari ya Yafa akakuta merikebu iko tayari. Tena alilala usingizi mzito humo ndani huku tufani ikivuma, jambo la kukumbuka kila mtu anaposema "nina amani moyoni". Amani ipime pamoja na Maandiko, hesabu na ushauri. Ukikosa amani, kwanza lala usingizi wa kutosha siku mbili tatu. Uchovu na woga huigiza sauti ya Mungu vizuri sana.

Yakobo 4 haikatazi kupanga biashara ya mwaka mzima; inakemea majivuno ya anayeongea kana kwamba kesho ni yake. Basi sema "Bwana akipenda" na umaanishe. Kulitumia neno hilo kumkwepa mtu, na huku unajua huendi, ni uongo uliovikwa kanzu.

Mpango ukibadilika, usiufiche. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba atapitia kwao akielekea Hispania. Akafika Rumi akiwa mfungwa, na huko akaendelea kufundisha katika nyumba aliyoipanga mwenyewe. Chukua karatasi ile ile, andika kilichoondoka na kilichobaki, na upige hesabu upya. Waliotegemea mpango wa kwanza waambie ndani ya wiki hiyo hiyo, na kama ulikopa kwa ajili yake, panga tarehe za kulipa.