Kucheza Mojipittan ya Kijapani ukiwa hujui Kijapani
Jamani isiwatishe hii gemu ya kuunda maneno, ya kampuni ya Namco toka 2001. Kwanza kariri hiragana, herufi za msingi 46 tu na karibu zote ni silabi kama zetu, ka ki ku, hapo sie wa Lamu hatutoi jasho. Unaweka herufi mojamoja kwenye ubao, neno lisomeke kushoto kwenda kulia ama juu kwenda chini. Sasa utamu wenyewe, ika ni ngisi, bandika su kushoto kwake ishakuwa suika, tikiti maji! Neko ni paka (hawa waliojaa barazani kwetu), tanguliza ko upate koneko, kitoto cha paka. Ukikwama bahatisha tu, kama hakuna neno herufi inakataliwa, mi mengi nimeyajua hivohivo.