Jinsi ya kuibana halmashauri ipunguze matumizi ukianzia kwenye tawi la chama chako

Wakuu, kila mwaka ikifika Aprili ripoti ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ikishasomwa bungeni tunafoka wiki mbili tatu, mikutano inaitishwa, viongozi wa wilaya wanapanda jukwaani wanasema serikali ibane matumizi, watu wanapiga makofi, tunarudi nyumbani, halafu Julai mosi bajeti mpya inaanza ikiwa na semina zilezile na mafuta yaleyale. Kusema tunasema sana. Shida tunasema jambo kubwa mno, kwa mtu asiyehusika, na wakati karatasi zimeshafungwa. "Serikali ibane matumizi" haina wa kuijibu. Ila ukisema kasma (yaani fungu la bajeti) ya viburudisho ya idara fulani ikatwe nusu na hela iende kupaua boma la zahanati ya kijiji fulani, hapo kuna mkuu wa idara itabidi asimame mbele ya madiwani ajieleze.

Hii naiandika kwa ajili ya watu wa matawi na kata, chama chochote kile, Tanzania bara. Ya wizarani na ikulu waachieni wabunge, sisi tudili na halmashauri maana ndio tunaweza kuifikia kwa bodaboda.

Kwanza kalenda, maana wengi wanafelia hapo. Mwaka wa fedha ni Julai mosi mpaka Juni 30. Mwongozo wa bajeti kutoka juu kwa kawaida unatoka karibu na mwisho wa mwaka wa kalenda, halmashauri zinaandaa makisio, na mwezi wa kwanza au wa pili baraza la madiwani linakaa kuyapitisha. Yakishapita pale yanapanda mkoani, wizarani, mpaka Bunge la bajeti linaloanza Aprili. Kwa hiyo ukisubiri hotuba ya Waziri wa Fedha ya Juni ndio uanze kudai, umechelewa nusu mwaka mzima. Muda wa kukomaa ni Novemba hadi Februari, kipindi ambacho vyama vingi viko likizo ya Krismasi na mwaka mpya.

Pili jua ni hela gani mnaweza kuigusa. Sehemu kubwa ya bajeti ya halmashauri inatoka serikali kuu, mishahara ya walimu na manesi na miradi ina maelekezo yake tayari, diwani hata apige kelele vipi hawezi kuigeuza. Uwanja wenu ni mapato ya ndani, yaani ushuru wa mazao, leseni, ushuru wa soko, stendi na vinginevyo. Hayo ndiyo baraza lina sauti nayo, na kwa bahati mbaya ndiyo yanayobeba vikao na safari kwa sana. Na ndani ya hayo kuna asilimia 10 ya mikopo, yaani 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, hiyo iko kisheria, msije mkasimama kudai ipunguzwe mkajikuta mnagombana na watu wenu wenyewe.

Karatasi mnazipataje? Diwani wenu akiwepo ni rahisi, kabrasha la kikao analetewa, mwambieni alete tawini lisomwe badala ya kulala nalo kwenye buti la gari. Kama hamna diwani kuna njia mbili. Moja, mikutano ya baraza ni ya wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia kukaa na kusikiliza, tumeni watu wawili wenye daftari kila robo. Mbili ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, andika barua kwa mkurugenzi, taja kitu chenyewe unachotaka (mfano, taarifa ya mapato na matumizi ya robo ya pili kwa kasma), na yeye ana siku 30 za kukujibu. Omba kwa jina lako kama raia, usiombe kwa karatasi yenye nembo ya chama, haki ile ni ya raia na tena inawaondolea kisingizio cha kusema hizi ni siasa. Barua ipeleke masjala mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, bila muhuri hujapeleka kitu.

Ripoti za CAG zenyewe ziko wazi kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, kuna kitabu kizima cha serikali za mitaa. Tafuta jina la halmashauri yako usome hoja zake. Kumbuka tu inaongelea mwaka ulioishia Juni iliyopita, kwa hiyo itumie kuonyesha tabia, usiitumie kama habari ya jana.

Sasa kusoma makisio, hapa ndio penye utamu na watu wengi wanakata tamaa wakiona majedwali. Usianze na tarakimu, anza na vitenzi. Kila shughuli inaanza na kitenzi, na kuna vitenzi vina njaa: kuwezesha, kuratibu, kufuatilia, kuhamasisha, kujenga uwezo. Ukiona "kujenga vyumba 2 vya madarasa" unajua utaenda kuona madarasa, lakini ukiona "kuwezesha uendeshaji wa vikao 4 vya tathmini" fungua chini uone kilichomo na utakuta posho ya kujikimu, dizeli, kukodi ukumbi, chakula na viburudisho, shajala, nauli. Piga mstari kwenye kila kitenzi cha namna hiyo kwenye idara zote, kisha andika pembeni jumla ya posho peke yake, ya dizeli peke yake, ya chakula peke yake. Kazi hii ni ya jioni moja kwa watu watatu wenye kikokotoo cha simu.

Mfano wa kufikirika tuone inavyokuwa. Idara ina vikao 4 kwa mwaka, kila kimoja watu 40, posho 60,000 kwa siku, siku 2. Hiyo ni 4 mara 40 mara 60,000 mara 2, yaani 19,200,000, bado dizeli, bado ukumbi, na halmashauri yenyewe ina ukumbi wake uko mtupu umefunikwa vumbi. Ukiikuta idara kama hiyo hauna haja ya kudai ifutwe, dai kikao kiwe siku moja na kifanyike ukumbi wa halmashauri, tayari milioni 9.6 za posho zimerudi na hakuna kazi iliyoharibika. Madai ya namna hii ni magumu kukataliwa kuliko ya kusema futeni posho zote, maana ukisema zote watumishi nao watakuona adui, na kuna posho za halali kabisa, nesi anayelala kijijini kwenye chanjo lazima ale.

Angalizo lingine, sio kila matumizi makubwa ni mabaya na sio kila dogo ni salama. Matengenezo ya mtambo wa maji au gari la wagonjwa ukiyakata mwaka huu mwakani unanunua jipya. Mimi binafsi nikiona chama kinadai kupunguza matumizi halafu orodha yake imeanza na matengenezo, najua hawajasoma kitu.

Halafu taja hela inakoenda. Hapa kuna somo la wazi kutoka juu. Mwaka 2015 Rais Magufuli aliahirisha sherehe za Uhuru, na shilingi bilioni 4 zilizokuwa za sherehe zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco pale Dar. Mwaka 2022 Rais Samia naye akaziahirisha, milioni 960 zikapelekwa kujenga mabweni 8 kwa ajili ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Upende usipende siasa zao, mtu wa kawaida anakumbuka kwa sababu aliambiwa imetoka hapa inaenda pale. Hoja yenu ikae hivyohivyo, kasma ya kupunguza upande mmoja, mradi wa kupokea upande wa pili, na mradi uwe unaojulikana kwa sura, boma lililosimama bila paa tangu wananchi wachange tofali.

Ndani ya chama ianzieni tawini. Isomeni, ipigieni kura, muhtasari uandikwe na kusainiwa, ipande kata, kata nayo imkabidhi diwani kwa maandishi. Diwani mkimwambia kwa mdomo atasema alisahau, mkimpa karatasi anajua kuna nakala nyingine kabatini. Maneno yawe mafupi, kitu kama hiki:

"Kikao cha kata kinamuomba mheshimiwa diwani awasilishe kwamba posho za vikao vya tathmini vya idara X kutoka mapato ya ndani zipunguzwe kutoka shilingi 19,200,000 hadi 9,600,000, na tofauti ya 9,600,000 ipelekwe kuezeka zahanati ya kijiji Y."

Hakuna shairi, hakuna mapambano yanaendelea. Na ifike mapema, maana kanuni za kudumu za halmashauri zina utaratibu wake wa kuwasilisha hoja kwa maandishi, na pia mambo mengi yanaamuliwa kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango kabla baraza halijakaa, siku ya baraza mara nyingi ni kupitisha tu.

Kama diwani ni wa chama kingine usimnunie. Mpelekee hiyohiyo, muache hata ajitangaze kwamba ni wazo lake, zahanati ikiezekwa mvua haitauliza bati ni la chama gani. Huku chini kijijini tumieni mkutano mkuu wa kijiji, unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu na mkazi yeyote mwenye miaka 18 ana haki ya kuongea, dai taarifa ya mapato na matumizi isomwe na ibandikwe ubaoni, kisha waulizeni wajumbe wa kamati ya maendeleo ya kata wanapeleka nini juu.

Mkutano wa hadhara uje mwishoni, sio mwanzoni. Tangu zuio la mikutano hiyo liondolewe Januari 2023 utaratibu ni kupeleka taarifa kwa mkuu wa polisi wa eneo angalau saa 48 kabla, hapo pia nakala yenye muhuri. Jukwaani shikeni kasma moja tu, bango kubwa lenye namba mbili, basi. Msitaje jina la mtumishi kwamba ni mwizi, hamjathibitisha na mtaishia mahakamani wakati hoja yenu ilikuwa nzuri.

Na kabla hamjapanda huko safisheni kwenu. Bandikeni ukutani ofisini michango ya wanachama imeingia ngapi na imetoka ngapi, maana swali la kwanza mtakaloulizwa ni ile hela ya fulana na maspika ilitoka wapi. Chama kisichoonyesha daftari lake hakina mdomo wa kudai la halmashauri.

Bajeti ikishapita Februari msilale. Hela inaweza kukatwa kwenye karatasi ikarudi mlango wa nyuma kwa kuhamishwa kasma katikati ya mwaka, kwa hiyo kila robo muulizeni diwani swali moja tu: kuna maombi gani ya uhamisho wa fedha yamekuja kwenye Kamati ya Fedha, kutoka wapi kwenda wapi. Akisema hakuna, muombeni taarifa ya robo mlinganishe wenyewe na makisio yaliyopitishwa, mstari kwa mstari, mkianza na ule wenu.