Jinsi ya kurudi kwenye kiswaswadu bila kuteseka

Mimi sina laptop, simu yangu ni kitochi cha batani, na maisha yanaenda tu. Ukitaka kujaribu usizime smartphone ghafla, anza na namba, zihamishe kwenye laini lakini laini nyingi zinabeba kama 250 hivi kwahiyo zile za muhimu ziandike kwenye daftari kabisa, me niliwahi kupoteza laini nikabaki sina hata namba ya mama.

Hela haina shida. Voda unapiga *150*00# unatuma, unalipa, hata luku unanunua, token inakuja kwa meseji, tarakimu 20, zinakili kwenye karatasi kabla hujaenda kwenye mita maana kukiwa giza utahitaji tochi ya simu hiyohiyo.

Kinachosumbua ni magrupu ya WhatsApp. Waambie mapema, "jamani mkiwa na msiba au kikao nipigieni", na umpate mtu mmoja kwenye grupu la familia wa kukupa umbea muhimu tu (mimi ni mdogo wangu, anadai vocha kila wiki).

Email na kuprinti nenda stationery, siku moja kwa wiki inatosha, ila password usikubali browser iisevu na uhakikishe umelogout kabla hujalipa ukaondoka. Nauli za mabasi, ramani? Uliza konda.

Halafu chaji, jamani, nachaji Jumapili mpaka Alhamisi bado ipo.